Nusu ya Buni

Msiniulize majina. Kila ninayemsimulia habari hii huanzia hapo: walikuwa akina nani, wa ukoo gani, binti za nani? Majina ninayo. Nayajua kama ninavyolijua la mama yangu, ila humu siyaandiki, ng'o, na sababu nitaisema zamu yake ikifika.

Mimi ni mjalidi. Nashona vitabu vilivyochanika na kuvivika majalada mapya, hapa Mengo, kwenye kibanda ambacho ukipita haraka utadhani ni cha fundi viatu, maana sindano ni zile zile na gundi ni ile ile. Nilizaliwa Voi, nikaja Kampala na biashara ya madaftari, biashara ikafa, mimi nikabaki. Kiganda nakiongea vizuri wakati wa bei na vibaya wakati wa hasira. Hasira zangu zote ni za Kiswahili, na katika mji huu hilo si jambo dogo. Hapa Kiswahili ni lugha ya askari, na mtu akikisikia kwa kelele barabarani hugeuka kutazama bunduki iko wapi.

Wateja wangu ni watu wa kanisa wenye vitabu vya nyimbo vilivyopasuka mgongo, mawakili na vitabu vyao vya sheria, na wazee wenye vitabu vya kusomea vya utotoni ambavyo hawataki vife kabla yao. Wengi husema: ng'oa hilo gamba bovu, nipe jipya, gumu. Nang'oa. Lakini gamba silitupi. Nalisafisha, nalikausha, nalipigilia ukutani, na leo mbao za ukuta wenyewe hazionekani. Kuna simba, kuna korongo mwenye taji, kuna misalaba iliyozungukwa na maua. Ni majalada ya kabla ya uhuru, enzi ambapo pambo la kitabu lilichorwa na mtu kwa mkono, likachongwa kwa kisu kwenye kibao cha mpira, kisha likapigwa chapa juu ya kitambaa kwa wino wa rangi ya dhahabu.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Fungua kitabu chochote cha namna hiyo. Aliyetunga yupo. Aliyefasiri yupo. Askofu aliyekibariki yupo, kiwanda kilichokichapa kipo. Aliyechora lile jalada, lile lililokufanya ukichukue mkononi kabla hujasoma hata neno, hayupo. Wanasema chanda chema huvikwa pete. Hiki waliacha kukivika, halafu wakakificha mfukoni mwao! Nilichukia. Nikaapa nitawatafuta wenye vidole hivyo, mmoja mmoja, hata kama nitawapata makaburini.

Na kumtambua mchoraji asiyetia sahihi si uchawi. Usitazame katikati ya jalada, hapo kila mtu ni hodari. Tazama kwenye pembe. Pambo linalozunguka jalada huenda salama likiwa limenyooka, lakini likifika kwenye pembe ni lazima ligeuke, na kila mkono una tabia yake ya kugeuka. Mmoja hukata ghafla. Mwingine hubandika ua ili afiche aibu. Mwingine amekosea nafasi tangu mwanzo, basi majani yake ya mwisho yamebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Ukishayatazama majalada mengi, unaanza kuwajua watu hawa kama unavyowajua majirani kwa kukohoa kwao.

Palikuwa na mkono mmoja nilioupenda kuliko yote. Huyu akifika kwenye pembe alilipindua jani, ukaona mgongo wake na mishipa yake, kama vile upepo umepita hapo. Nilikuwa na jalada lake moja tu lililo zima, la kijani. Tawi la kahawa linazunguka pande zote nne, na hapa na pale tunda limepasuliwa kuonyesha punje zake mbili zilizolaliana ndani. Isipokuwa kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Pale palikuwa na tunda lenye punje moja tu, imejibanza upande wa ukingo, na nafasi ya mwenzake ni tupu. Nilidhani wino uligoma pale siku ya kuchapa. Siku nyingi nilikuwa nataka kuijaza nafasi ile kwa brashi, uvivu ukaniokoa.

Sasa, siku hiyo nilikuwa namfokea mwenye bodaboda aliyeegesha pikipiki yake mlangoni pangu kana kwamba kibanda ni chake. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Alipoondoka, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu.

"Wewe nasema kama askari."

Alikuwa bibi mwembamba, amevaa gomesi, ile nguo ya kina mama wa huku yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, na kwapani amebana kitabu cha nyimbo kilichoachana na mgongo wake. Marehemu mumewe, aliniambia, alikuwa askari magereza Luzira. Kwenye kota, nyumba za askari, waliishi watu wa kila kabila, na lugha ya wote ilikuwa Kiswahili cha amri na cha mapenzi pia, kwa hiyo wanawe aliwazaa kwa Kiganda akawalea kwa Kiswahili. Nikamwita Jaja, kama mji huu unavyowaita bibi zake wote. Yeye akaniita Mkenya, na hakuacha mpaka leo.

Wakati napima mgongo wa kitabu chake, alikuwa anapita mbele ya ukuta wangu, pua karibu iguse majalada, kama mtu anayenusa samaki sokoni kabla ya kununua. Akasimama kwenye lile la kijani. Akasimama sana.

"Hii nani nakupa?"

"Nililitoa kwenye kitabu cha mteja, Jaja."

"Hii ni ya mwenzangu." Akaweka kidole palepale, kwenye tunda lenye punje moja. "Nusu ingine iko kwangu. Kwa nyekundu, chini, mkono ya kushoto."

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaanza kumfundisha. Nikamwambia mkono huu naujua vizuri, kwamba hata vipande vya jalada jekundu nimewahi kuviona, na kwamba haya yote ni kazi ya mtu mmoja, tazama jani lilivyopinduliwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Heshima ile iliniuma baadaye.

"Watu wawili," akasema. "Nakaa meza moja, nakula sahani moja, mkono nafanana. Wewe hapana jua kitu, Mkenya."

Nilimshonea kitabu chake kwa uzi bora nilionao.

Basi haukupita muda nikaitwa Mbuya. Huko kilimani kuna nyumba moja iliyogeuzwa jumba la sanaa, na msimamizi wake, kijana wa Kiganda mpole mwenye miwani, ni mteja wangu wa siku nyingi. Aliniagiza visanduku vya kulazia majalada ya kale, kwa ajili ya maonyesho. Majalada yenyewe yalikuwa yametoka ng'ambo. Mjukuu wa Mzungu aliyewahi kuwa mkuu wa kiwanda cha chapa hapa mjini aliyakuta kwenye sanduku la babu yake, akayapeleka kwa mafundi wa kukarabati vitu vya kale yakafanyiwa usafi, kisha akayaazimisha yaje yaonekane nyumbani kwao. Wazo jema, sikatai.

Nilipofungua furushi la kwanza la karatasi, nililiona. Jalada jekundu. Zima! Kahawa ile ile, jani lile lile lililopinduliwa kwenye pembe. Kando yake kadi ilikuwa imekwisha kuchapwa: jalada hili lilichorwa na bwana mkuu wa kiwanda.

Nikainama kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto, mahali ambapo Jaja alisema nusu yake ipo. Tunda lilikuwa kamili. Punje mbili, zimelaliana, dhahabu inang'aa.

Nilimuuliza msimamizi ni nani aliyesema kwamba bwana ndiye aliyechora. Familia yake, akasema. Nikamwambia Luzira kuna bibi anayesema vingine. Hakucheka, nampa haki yake.

"Mama, kila nikifungua maonyesho naletewa bibi," akasema. "Kila bibi alichora, kila babu alichonga. Nikiandika kila ninachoambiwa, ukuta wangu utakuwa soko. Nipe kitu cha kushika."

Nilikuwa sina. Nilikuwa na bibi aliyesema pengo, na jalada lililosema hapana pengo. Nikabeba visanduku vilivyobaki, nikateremka kilima nikiwa namsema peke yangu kwa sauti mpaka watu wakanipisha njia.

Nyumba ya Jaja iko Luzira upande wa chini, karibu na ziwa. Alinipokea kwa desturi ya kwao: kabla sijasema nimefuata nini, akaniwekea kibakuli cha buni, punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Nikatafuna. Nikaona hakuna namna ya kulizungusha.

"Jaja, nimeiona nyekundu. Tunda limejaa."

Alikivuta kibakuli upande wake. Halafu akalipuka. "Wewe nafikiri mimi mzee ya kuongopa?"

"Sijasema hivyo."

"Nasema na macho!"

Kweli, nilikuwa nimeyasema kwa macho. Moyo ulikuwa umekwisha kuanza kusita, nao ni moyo wangu, naujua. Akanivutia kigoda akaniambia nikae vizuri. Aliyonisimulia nayaweka kwa maneno yangu, kwa sababu yeye aliyatoa vipande vipande, kimoja akiwa ameketi, kingine akiwa anafukuza kuku jikoni.

Walikuwa wasichana wawili waliotoka shule moja ya misheni, wote hodari wa kuchora, wakachukuliwa kiwandani. Bwana mkuu aliwapa picha za mawaridi ya kwao wayanakili. Wakanakili. Ndipo yule mwenzake akasema: nani katika nchi hii analijua ua hili? Tuchore kitu ambacho watu wanakitafuna. Wakachora kahawa. Bwana alinung'unika, lakini vitabu vikatoka kama maandazi ya asubuhi, naye akanyamaza. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Kisha mwenzake akachonga herufi ya kwanza ya jina lake kwenye pembe, ndogo kama chawa. Bwana aliiona. Alimwita mbele ya kiwanda kizima, akamwamuru aikwangue mwenyewe kwa kisu chake mwenyewe, akamwambia jalada la kitabu si ukuta wa choo.

"Yeye hapana lia," Jaja akasema. "Yeye nacheka. Hiyo cheko ndiyo mimi naogopa."

Mchana ule walikwenda nyuma ya kiwanda na tunda moja la kahawa. Kwa Waganda wa zamani, watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, walipasua tunda la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja alijichanja kidogo karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu yake, akampa mwenzake ameze. Baada ya hapo huwezi kumkana, hata ukiwekewa kifo mbele. Ilikuwa desturi ya wanaume. "Sisi nasema, tumbo ni tumbo," Jaja akaniambia, akalegeza mshipi wa gomesi yake na kunionyesha alama, kakwaruzo kadogo pembeni mwa kitovu. Walitumia kile kile kisu cha kuchongea.

Walipotoka hapo wakaketi kwenye meza yao, kila mtu na kibao chake. Kwenye kibao cha kijani mwenzake akachonga tunda lenye punje moja, ya kulia. Kwenye chekundu Jaja akachonga la kwake lenye ya kushoto. Ukiyalaza majalada hayo ubavu kwa ubavu, punje hukutana. Bwana aliyapitisha yote mawili. Alidhani visu vimeteleza, na wasichana wake si mafundi.

Mwenzake alikufa katika ile miaka mibaya, ambayo watu wa rika lao hawapendi kuitaja kwa jina. Hakuacha mtoto. Hata alipozikwa Jaja hapajui.

"Yeye naacha nusu ya buni, basi," akasema. Akainua kibakuli mpaka karibu na uso wake, akachagua punje kwa kupapasa. Daktari alikuwa amemwambia ukweli kuhusu macho yake. Mwanga ulikuwa unaondoka kutoka pembeni kwenda katikati, na hakuna dawa ya kuurudisha. "Mimi nataka kuona jina yake na jina yangu kwa ukuta. Na hii macho. Hapana macho ya mtu ingine."

Ni hilo tu alilotaka. Hakutaka sherehe wala picha gazetini.

"Na hiyo tunda, wao najaza," akaongeza, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Mtu naona shimo, najaza. Hapana uliza shimo ni ya nani."

Nikacheka, maana nilimkumbuka mjalidi mmoja wa Mengo na brashi yake.

Kabla ya siku ya kufungua nikampeleka Mbuya. Lile la kijani nilikuwa nimelifunga kwenye leso. Msimamizi alimpokea Jaja kwa adabu zote, akamsalimia kwa Kiganda kile kirefu kinachouliza habari za kila mtu nyumbani, akamletea kiti. Jalada jekundu lilikuwa mezani, halijaingizwa kwenye kioo. Nilikuwa nimepanga hotuba yangu vizuri. Akaisikiliza, kisha akasema ataandika barua ng'ambo kuomba ruhusa, kwamba kuna mashine za kutazamia wino, kwamba mambo haya huenda polepole. Nikafungua mdomo nimweleze polepole ni nini kwa mtu anayepofuka.

Jaja alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa ameliinamia jalada, pua karibu na kitambaa, kidole kinatembea kwenye tawi mpaka kikaifikia pembe. Halafu akatia kidole gumba kinywani, akakilowesha barabara, akasugua.

Msimamizi alipiga ukelele. Na mimi nilipiga ukelele! Maisha yangu yote nimewapiga watu mikono kwa kulamba kidole wafungue ukurasa, na sasa mate yalikuwa juu ya jalada la kuazima mbele ya macho yangu. Nikamshika mkono. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Wacha."

Alipoinua kidole, kilikuwa na rangi ya shaba. Wino wa kiwanda haung'oki kwa mate; ule umekwisha kuwa mwili mmoja na kitambaa. Kilichotoka ni rangi ya maji. Mafundi wa ukarabati waliosomea kazi huitumia makusudi, ili anayekuja nyuma yao aweze kuifuta akiona wamekosea. Walikuwa watu waangalifu, siwezi kuwatukana. Waliona pengo wakadhani ni kidonda, wakalifunga. Chini yake kitambaa kilikuwa chekundu, kisafi, hakijawahi kuguswa na wino wowote. Punje ya kushoto ikabaki peke yake ukingoni.

Nikafungua leso. Nikalaza la kijani kushoto kwake, ukingo kwa ukingo. Matawi yakakutana, na pale kwenye mpaka punje ya mmoja ikalalia punje ya mwingine, kama zilivyo ndani ya tunda. Mwenye macho haambiwi tazama. Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama mpaka kichwa chake na cha Jaja vikakaribia kugongana.

"Nakuamini, Jaja," akasema hatimaye. "Jina la bwana nalitoa. Nitaandika lako."

"Na yake."

Akasita. Akasema jalada linaloonyeshwa ni la Jaja, si la mwenzake. Mwenzake hana mtoto, hana ukoo uliokuja kusema, hana kaburi. Akiandika jina ambalo hakuna wa kulisimamia, kesho mtu atamletea lingine, na mwenye majalada huko ng'ambo atayarudisha yote. "Lako naliandika sasa hivi," akasema, na kalamu ilikuwa mkononi.

Nilimtazama Jaja. Alichokuwa anakitaka kilikuwa hapo, umbali wa mkono, na macho yake bado yalikuwa na mwanga wa kukiona. Nikamnong'oneza: "Jaja, chukua. La mwenzako tutalidai baadaye."

Akanigeukia mimi, wala si yeye.

"Mimi nameza damu yake," akasema. "Wewe nataka mimi natapika?"

Nikampisha.

"Wawili," akamwambia msimamizi. "Ama hapana."

Ikawa hapana. Kadi mpya ilichapwa, ikawekwa kwenye kioo chini ya jalada jekundu: mchoraji hajulikani.

Hajulikani! Neno hilo linanipandisha mori mpaka leo. Hajulikani na nani? Mtu yuko Luzira, anatafuna buni zake, anajulikana na muuza mkaa, anajulikana kanisani, anajulikana na kuku. Watu hulisema neno hilo kana kwamba limeanguka kutoka mbinguni, hakuna aliyelisababisha. Ukiandika kwamba mtu hajulikani, andika na jina la aliyekataa kumjua. Hapo nitakuheshimu.

Siku ya kufungua nilifunga kibanda, nikakodi gari, nikamfuata Jaja. Alikuwa amevaa gomesi ya Pasaka. Nikabeba kiti cha plastiki kutoka kwake, nikakiweka kando ya kioo chenye jalada jekundu. Mlinzi akaja kusema viti haviruhusiwi. Nikamjibu kwa Kiswahili, kile cha mlangoni kwangu, na nadhani alidhani nina ndugu jeshini, maana alirudi kwenye nafasi yake taratibu.

Wageni wakaanza kuingia na glasi zao za maji ya matunda. Mama mmoja aliyepambika akainama, akaisoma kadi kwa sauti. Alipofika kwenye neno lile, Jaja akataja majina mawili. La mwenzake, kisha la kwake. Kamili, na la ubatizo na la ukoo. Hakueleza kitu. Yule mama akageuka, akamtazama, akalitazama jalada, akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Akaja mwingine. Jaja akayataja. Wakaja watatu pamoja, akayataja. Walikuja wanafunzi na mwalimu wao, wakaanza kucheka, halafu wakayarudia kwa pamoja kama somo, hata waliokuwa chumba cha pili wakasikia. Kufika alasiri sauti yake ilikuwa imekwaruza. Nikampa maji, nikamwambia apumzike, nitasema mimi.

"Wewe hapana meza kitu," akasema, na kuyataja tena.

Ilifika mahali watu hawakuisoma kadi. Walikuwa wanakuja moja kwa moja kwenye kiti. Na nilipompeleka Jaja msalani, tuliporudi nikamkuta mlinzi amesimama kando ya kiti kitupu, mikono nyuma, anamtajia mgeni majina yote mawili kwa lafudhi ya kwao. Nilimsamehe yote.

Ndiyo maana humu siyaandiki. Nilimwomba Jaja ruhusa, akakataa. Alisema mtu asipewe majina hayo akiwa amejilaza kitandani. Majina hayo hupewa mtu aliyesimama mbele ya punje. Basi njoo Mengo. Lile la kijani bado liko ukutani kwangu, pengo lake sijalijaza na silijazi. Simama mbele yake, nitakutajia, la mwenzake kisha la kwake.

Jioni watu walipopungua, msimamizi alikuja. Alikuwa amekaa mlango wa ofisi yake siku nzima anasikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubishana na nafsi yake. Hakusema na mimi. Akafungua kioo kwa ufunguo, akaitoa kadi, akaigeuza upande mweupe, akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki akiwa ameiweka kadi juu ya goti.

"Nitajie tena, Jaja. Taratibu."

Akamtajia. Akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa, kubwa kuliko inavyoruhusiwa kwenye kadi za makumbusho. Kisha akampa. Jaja aliisogeza mpaka karibu na pua, upande mmoja wa uso umegeukia dirisha lenye mwanga, na midomo yake ikawa inatembea. Alilisoma la kwanza. Akalisoma la pili. Alisoma mwenyewe, kwa macho yale yale, na mimi nililia bila aibu mbele ya mlinzi.

Msimamizi alikuwa bado amechuchumaa. "Jalada hili ni lako, Jaja," akasema. "Kwa nini la kwake litangulie?"

Jaja akamrudishia kadi.

"Yeye nameza kwanza," akasema. "Mimi ilikuwa naogopa."